Siku ya Kumi na Nne

Nyumba ya nyuma ya karakana ya vyuma,
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua uvimbe, na kwamba dawa unazinywa, si kuzisifia tu kwa wageni. Mzee wako naye, kifua kimetulia? Sisi huku wazima wa mwili. Habari za moyo zinafuata.

Kazini ni msimu wa sare za shule. Tuko sita chumba kimoja, cherehani kwa cherehani, na mimi ni wa kola. Nimeshonea watoto wa watu hadi vidole vimekufa ganzi.

Sasa nivumilie, Shangazi, maana mkubwa hatukanwi na mimi leo nina hasira. Unakumbuka uliponiketisha kabla ya harusi? Ulisema mwanamke hushika mimba siku ya kumi na nne tangu damu ianze. Kabla yake mume apumzike wiki nzima, na baada yake apumzike tena, asimalize nguvu bure. Una watoto saba. Ningekubishia kwa lipi?

Miaka mitatu nimehesabu. Kila mwezi alama nyekundu kwenye kalenda, na wewe hukosi kupiga simu: "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!"

Mume wangu unamjua, mtu wa mzaha. Mwanzoni alikuwa akirudi kutoka kupaka rangi, nywele nyeupe kwa chokaa, anapiga saluti mlangoni: "Naripoti kazini!" Tukicheka hadi jirani anagonga ukuta. Sasa hacheki mtu. Mwezi wa nne mwanzoni aliteleza kwenye ngazi, akarudi ameshika kiuno, nami nikamwambia kalenda haijui kiuno. Akaniuliza, "Mke wangu, unanitaka mimi au unaitaka tarehe?" Akachukua mto wake. Tangu siku hiyo analala kwenye kochi, na mazungumzo yetu ni ya chumvi na funguo.

Ndipo nikaenda kliniki, peke yangu. Muuguzi, mama mmoja mkavu wa maneno, akaniuliza mzunguko wangu ni wa siku ngapi. Nikamwambia thelathini na tano, tangu usichana. Akaweka kalamu chini. Kumi na nne ni ya mwenye mzunguko wa ishirini na nane, akasema. Yai hutoka kama wiki mbili kabla ya damu inayofuata, kwa hiyo kwangu mimi ni karibu na siku ya ishirini na moja. Yai lenyewe haliishi zaidi ya siku moja, ila mbegu za mume zinaweza kulisubiri hata siku tano. Basi tukutane kila baada ya siku moja au mbili, kuanzia ya kumi na sita, na habari za kuweka akiba tuziache. Na mume naye aje apimwe, maana mimba ni ya wawili.

Nililia pale pale, kwa hasira. Nimekukasirikia wewe, lakini nimejikasirikia mimi zaidi. Kola nazipima kwa milimita, mwili wangu nikaupimia kipimo chako! Nina miaka thelathini na minane, Shangazi. Kola ikikosewa hufumuliwa, miaka mitatu haifumuliki.

Jana mchana nilimkuta uani anaosha brashi, nikamweleza yote. Akakung'uta brashi, akasema, "Kwa hiyo zile siku nilizokuwa nakutaka mwenyewe, bila kuitwa, ukanifukuza nikapumzike, ndizo zilikuwa zenyewe?"

Afadhali angefoka.

Kliniki amekubali, tunakwenda Jumanne. Lakini usinipigie simu wiki hii, nakuomba. Leo ni siku ya kumi na saba na yeye bado yuko kwenye kochi. Nataka kumwita, Shangazi, na namna ya kumwita mume wangu bila kumtajia tarehe nimeisahau.

Nisalimie mzee wako, Mapacha, na yule kitindamimba wako mtundu. Mungu akuzidishie umri, na mimi anilainishe ulimi.

Mwana wa kaka yako,
akupendaye hata akiwa amenuna.