Protini Uliyoniuliza

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Juzi Baba Mdogo alikuja kutengeneza mlango wa banda la kuku. Mama akasema kuku wanataga sana siku hizi. Nami nikasema mayai hayo ungeyala wewe, yangekuongezea nguvu. Baba Mdogo akaweka nyundo chini.

"Mwanangu, baba yako alijua kitambo kwamba ugonjwa wake ni mbaya. Daktari alimwambia mimi nikiwa nimekaa palepale."

Nikamtazama Mama. Akainamisha kichwa. Kumbe katika nyumba yetu asiyejua nilikuwa mimi tu.

Unakumbuka uliporudi kutoka ile hospitali kubwa walikokata kipande cha uvimbe wa kibofu chako? Nilikuwa likizo. Ulikuwa umekaa juu ya tenga tupu la kuku, ukaniita, "Profesa, hebu njoo. Protini ni kitu gani?" Nilifurahi mno. Hukuwahi kuniuliza jambo la shuleni. Nikakimbilia kitabu cha baolojia, nikakusomea kwamba protini hujenga mwili.

"Kwa hiyo mtu akiwa nayo nyingi?"

Nikasema atakuwa na nguvu. Ukacheka mpaka ukajishika tumbo. "Basi mimi tajiri! Wamenipima, ninayo tele."

Tangu siku hiyo nikawa nakutengea mayai. Mayai ya biashara, Baba, ambayo tangu serikali iruhusu watu kuuza popote watakako yalikuwa yanapanda basi kwenda Dar es Salaam, sisi wenyewe hatuyagusi. Ulikula yote. Nikarudi shuleni Kiomboi nikiwaambia wenzangu kwamba baba yangu anapona.

Sasa Baba Mdogo ameniambia alichosema daktari. Protini ile haikuwa ya mayai wala maharage. Ilikuwa ndani ya uvimbe wenyewe, na ikionekana kwa wingi, mara nyingi ugonjwa huenda mbio. Mara nyingi, alisema, si lazima, maana hata wao bado wanaichunguza. Hayo yote ningeyaelewa. Ningeuliza. Ningeomba ruhusa nikae na wewe, hata kama ni kukushikia kikombe tu.

Lakini ulichukua kitabu changu ukanifumba nacho macho. Ulijua nakiamini.

Hata siku Baba Mdogo aliponifuata Kiomboi aliniambia, "Baba yako anaumwa kidogo, anakuita." Njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyokuonyesha matokeo yangu. Nimekuwa wa pili, Baba. Nikakuta turubai uani na wanaume wanarudi kutoka makaburini, miguu imejaa udongo. Hilo nimewasamehe. Msafiri haambiwi msiba njiani, ndivyo tunavyofanya. Lakini wewe ulinidanganya huku unanitazama usoni, ukitafuna.

Mama anasema ulitaka nisome kwanza. Nisome nini?

Kuna jambo jingine. Saidi anakojoa damu. Aliniambia jana nyuma ya banda, kwa aibu, mdogo wangu huyo. Wenzake anaooga nao kwenye lambo la kunyweshea mbuzi wanampongeza, "Umeshakuwa dume!" kama wewe ulivyokuwa ukitusimulia kwamba na nyinyi mlipongezana. Baba Mdogo anasema daktari alikuuliza habari za damu hiyo ya utotoni. Alisema kichocho kikikaa miaka mingi kwenye kibofu kinaweza kuleta saratani kama yako. Na hilo pia ulirudi nalo nyumbani ukanyamaza, na Saidi akaendelea kuoga mle.

Akaniuliza, "Dada, na mimi nitakufa kama Baba?"

Nilifungua mdomo nimwambie, wewe mzima kabisa, nenda kacheze. Ilikuwa sauti yako, Baba. Ilikuwa tayari kinywani mwangu, na nikaona ilivyo rahisi. Nikaimeza. Kisha nikamwambia huenda ni kichocho, kina dawa, na ya zaidi siyajui mpaka apimwe. Alilia. Sikumkataza. Alipomaliza akaniuliza tutakwenda lini.

Tunakwenda kesho asubuhi. Majibu yakitoka, nitamweleza yote, na nisipoyaelewa nitamuuliza daktari mbele yake.

Nakuombea kila nikiswali, hata leo nikiwa na hasira. Kukusamehe bado, nisikudanganye. Pumzika, Baba.

Mwanao,
uliyekuwa ukimwita Profesa