Kivinjari Kimoja Tu

Nyakakika, Karagwe
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Mucyo,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za huko Mwanza, acha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu hata mmoja. Yale majina kumi na manne ya kikundi cha kahawa nimeyapoteza mimi, siyo baba.

Wifi Therese hajambo? Kikohozi cha Hirwa kimeisha? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imeanza, migomba imesimama vizuri.

Unaukumbuka ule ukurasa niliotengeneza kwenye kompyuta uliyoniachia, ili wanakikundi wajiandikishe miche ya kahawa kwa simu. Baba, kwa kuwa ndiye katibu, alinisifu mkutanoni mpaka nikatamani kuingia chini ya benchi. Wewe ulinionya nisifuate kivinjari ninachokipenda, nifuate walicho nacho watu. Nikajaribu kimoja tu, hicho changu. Kina mama wa hapa wanatumia kile chepesi cha kubana bando. Ningeomba simu moja kwa dakika tano, lakini simu zao hukaa zimefungwa kwenye pindo la kanga, nikaona aibu kumwambia mtu mzima afungue.

Juzi, miche ikiwa imekwisha kugawiwa, nilijaribu kwenye simu ya mama. Inaandika, "Asante, jina lako limepokelewa," na jina haliendi popote. Hiyo asante niliiweka mimi, itokee mtu akibonyeza tu.

Siku ya kugawa miche, jirani yetu bibi Costansia alikuja na maganda yake ya mgomba ya kufungia miche, ameyalowanisha tangu jana yake yasikatike. Jina lake halikuwepo. Akayakunja, akarudi nayo. Mama Benadeta akamwambia baba mbele ya watu, "Katibu, miche yetu tuje tuipalilie shambani kwako?" Wakacheka. Baba naye akajaribu kucheka.

Tangu hapo amenakili orodha mara tatu akitafuta alipokosea. Jana akaniambia, "Labda ni macho yangu, mwanangu." Nikaenda, kaka, kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kesho baada ya ibada wanachagua katibu mwingine. Miche imekwisha. Hata nikisema, bibi Costansia hapandi kitu msimu huu, na mimi sina cha kumpa. Kompyuta yako nimeifunga kwenye gunia. Sidhani kama nitaifungua tena.

Nisalimie wifi, nibebee Hirwa mgongoni. Mungu awatunze huko mliko, na anitunze mimi kesho.

Nasikia baba anafuta matope mlangoni. Kila akipita nimekuwa nikiisukuma barua hii chini ya daftari la Baiolojia. Sasa naiacha hapa mezani, maandishi yakiwa juu.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Liliane