Ulipokubali Baba Apasuliwe

Mpendwa Mama,

Leo nakushukuru kwa jambo ambalo ukoo mzima ulikulaumu kwalo, na mimi nikiwemo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa kibarua wa mjengo kule sehemu ya Kongo, mtaani Kawangware, na siku hiyo walikuwa wanamwaga slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa. Siku ya slabu hakuna kupumzika, zege halingoji mtu. Asubuhi alikuambia kifua kinambana, ukamsihi abaki. Akacheka. "Nikikosa slabu, kesho siitwi." Alipandisha makarai ya zege ngazini mpaka saa nane, akaanguka, akafa.

Msimamizi wao alikuja kwetu Kambi Muru kutupa pole, na kabla hajamaliza chai yetu akasema, "Mama Rose, hiyo ni roho tu ilisimama. Hata kwa nyumba angekufa."

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alitaka mwili usafirishwe Kakamega mara moja. "Kwetu mtu hazikwi akiwa amepasuliwa!" Wewe uliyekuwa ukiuza nguo za watoto Soko la Toi bila kumjibu mtu vibaya, ulisimama katikati ya waombolezaji. "Shem, wacha daktari aangalie kilichomuua. Mkitaka kulaani, mnilaani mimi. Hawa watoto muwaache."

Daktari aliandika kwamba moyo ulikuwa mgonjwa, lakini kazi ya siku ile ndiyo iliyoumaliza. Kwa karatasi hiyo tajiri wa mjengo alilipa fidia, shingo upande, nasi tukasoma. Ila kwenye mazishi walikukalisha nyuma kabisa, mbali na jeneza la mumeo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hasira zangu hazikuwa kwao, zilikuwa kwako. Niliona umetuaibisha. Sikuwahi kukuomba msamaha ukiwa hai, na hilo linaniuma.

Siku hizi mimi ni karani kwa wakili wa mambo ya fidia. Juzi alikuja mjane kijana, mumewe ameanguka akiwa kazini, shemeji zake wakimsubiri nje na nyuso zimekunjwa. Alishika fomu ya kuruhusu mwili upasuliwe, akaniuliza, "Na wewe, ungekubali?"

Niliyaweka kando maneno ya ofisi. Nikamwambia, "Mama yangu alikubali. Mimi ndiye mtoto wake."

Akaomba kalamu.

Asante, Mama. Lala ukijua kwamba lawama ulizobeba kwa ajili yetu sasa nazibeba mimi.

Kifungua mimba wako,
Rose