Samaki wa Mama Akinyi

Sagana, Jumatatu

Wifi Mwende mpendwa,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jana asubuhi, hoteli ikiwa imefungwa, niliingia jikoni peke yangu nikala samaki. Hakuna aliyenituma. Nilikula nikamaliza, nikalamba vidole.

Sasa nakusalimu. Hamjambo huko Doldol? Kifua cha bibi yetu Cucu kimepoa? Mvua imefika, au mbuzi wa Baba bado ni ngozi na mifupa? Mimi ni mzima, na kazi bado ninayo. Ilikuwa karibu kwisha.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba Mama Akinyi, mwenye hoteli, ni mjane wa mtu wa reli. Kwao ni ziwani, na samaki anawapika vile wanavyopikwa kwao. Anawakaanga, kisha anawatia kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili inayokuliza ukiwa bado mlangoni. Lakini watu wa hapa ni kama sisi. Kwao samaki ni nyoka tu. Wanaagiza chai na mandazi, wanaondoka.

Ndipo akamleta Mzee Kariuki na kinanda chake cha kodiani, kila Jumamosi mchana, pamoja na rafiki yake anayegonga pete ya chuma. Watu wakajaa. Meza zinasukumwa ukutani, wanaume na wake zao wanacheza mwomboko, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, mpaka vumbi linafika kwenye picha ya siku ya Uhuru. Halafu wanaketi, wanaagiza chai na mandazi.

"Wairimu," Mama Akinyi aliniambia, bila hasira, "muziki haununui kuni. Mwezi ukiisha hivi nafunga, narudi kwetu." Nami ningerudi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la Baba.

Kazi yangu ni kupita mezani nikisema, "Leo kuna samaki, ni tamu sana." Nimesema hivyo tangu nifike, na sikuwa nimeonja hata mchuzi. Mama Akinyi alijua. Maharagwe yangu anayapika kando, kwenye sufuria isiyogusa samaki, na hajawahi kunicheka.

Juzi Jumamosi dereva mmoja wa lori, Njoroge, alinishika neno.

"Ati tamu? Wewe ni wa wapi?"

"Doldol."

"Na kwenu mnakula hii nyoka?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje ni tamu? Uliota?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema, "Njoroge, wacha mtoto wa wenyewe."

"Simwonei. Akila, na mimi nakula. Akikataa, basi Mama Akinyi atuchomee mbuzi kama watu."

Kodiani ikanyamaza. Pete ya chuma ililia mara moja zaidi, peke yake. Mama Akinyi akatokea mlango wa jikoni akifuta mikono. "Huyu msichana hakuandikwa kula," alisema. "Wairimu, ingia ndani."

Nadhani angeniambia nile, ningekataa. Nilichukua sahani, nikamega ugali, nikang'oa nyama ya mgongoni, nikatafuna kwa nguvu kama tunavyotafuna mbuzi. Wifi, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba samaki ana miiba. Mmoja ulinikwama kooni.

"Analia!" mtu akasema.

"Kwisha yeye," akasema mwingine. "Nyoka imemuuma kwa ndani."

Mama Akinyi alinipa tonge kubwa la ugali. "Meza. Usitafune." Nilimeza, na mwiba ukashuka. Nikasema, "Ni mwiba tu. Na pilipili." Sikuwa nimesema kwa sauti kama ile tangu nitoke shule. Kisha nikamega tena, polepole, nikitoa miiba kwa vidole.

Njoroge alitimiza neno lake. Alikula akiwa ameinama juu ya sahani kama mtu anayejitoa mwiba mguuni, halafu akaomba mchuzi zaidi. Jioni sufuria ilikuwa imekwanguliwa. Mama Akinyi amesema hafungi. Alisema hivyo tu, akaendelea kuosha vyombo.

Lakini siku hiyo sikusikia ladha yoyote. Ilikuwa hofu na pilipili. Cucu angeniuliza, ningemjibu kwamba ilikuwa kazi. Jana nilikuta kipande kimoja ambacho Mama Akinyi alijiwekea, nikataka kujua kama nimekuwa nikiwadanganya watu. Sikuwadanganya. Mama Akinyi hajaniuliza kipande kilikwenda wapi. Leo ameniinjikia maharagwe yangu kando kama kawaida, na nimeyala yote.

Nisalimie Baba, na kaka yangu Maina, mume wako, na mtoto wenu ambaye sasa lazima anatembea. Msalimie na jirani yetu anayetuletea maziwa.

Najua barua zangu unazisoma kwa sauti mbele ya moto. Hii usiisome. Siku niliyoondoka Cucu alinishika kidevu akasema nile chochote isipokuwa kile kisicho na miguu, la sivyo nisiguse kibuyu chake cha uji. Nikija Krismasi nitamwambia mwenyewe, kabla hajaninyooshea hicho kibuyu. Kwa sasa akikuuliza nimeandika nini, mwambie Wairimu anakula vizuri. Hayo mengine, wifi yangu, yabaki kwako.

Wako,
Wairimu