Shanga za Dada Kwenye Mizani

Jumatatu, 3 Machi
Nimechota maji, nimefagia, nimempeleka Dada Nakiru kliniki. Ndiyo kazi yangu tangu nimalize kidato cha nne na kutumwa huku Kakuma, kando ya kambi ya wakimbizi, kutoka Lodwar. Dada ana mimba ya miezi sita. Ni mnene, hata kabla ya mimba alikuwa mnene. Leo nesi alisoma mizani kwa sauti. "Kilo sita kwa mwezi mmoja! Mama, unakula chakula cha kambi nzima?" Foleni ikacheka. Mimi nilitazama malapa yangu. Najichukia.

Jumanne, 4 Machi
Nesi alisema apunguze mafuta na sukari, atembee, presha isije ikapanda. Dada amesikia neno moja tu: usile. Chai ya rangi kutwa. Mama mkwe wake anamsukumia samli. "Ukikonda watasema tunakunyima!" Mmoja anamwaibisha, mwingine anamshindilia. Hakuna anayemuuliza yeye. Wote wananikera.

Alhamisi, 6 Machi
Dada ameanguka bombani. Siku tatu hajala.

Mama mkwe alimvua shanga za shingoni apate kupumua. Nikazipokea. Nzito! Mama mkwe ndiye aliyemvisha Februari, baada ya kliniki ya kwanza, kwa sababu mke hatembei shingo tupu kama aliyefiwa. Kwa hiyo Jumatatu ndiyo mara ya kwanza alipimwa nazo.

Tukampakia bodaboda. Kliniki nilipita foleni yote, mimi ambaye hata shuleni sikuinua mkono. Nikaziweka shanga kwenye mizani. Kilo nne na nusu. "Sista, ulimcheka kwa hizi." Nilitaka kupiga kelele.

Nesi alimpima Dada presha, akampa uji. Kisha akasema polepole: uzito bado aangalie, lakini ale mara tatu kwa siku, asijinyime tena. Hakuomba msamaha. Sijamsamehe.

Jumapili, 9 Machi
Dada amekula samaki wa kuchemsha, sukuma wiki na ugali kidogo. Samli kijiko kimoja, mama mkwe alipima mwenyewe, akinung'unika. Jioni tumetembea mpaka lagani, kwenye mto mkavu, na kurudi.

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki tena. Mama mkwe alikuja nasi bila kuitwa. Zamu ya Dada ilipofika, alimvua shanga mwenyewe, akakaa kwenye benchi nazo mapajani. Nesi aliandika kilo kitabuni bila kuzisoma kwa sauti. Mama mkwe akamvisha tena, akamfuta jasho shingoni kwa kanga yake.