Rafu ya Chini

Ifakara, Alhamisi, Machi 1956

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Ninaogopa. Heri niseme wazi, maana hapa daftarini sina wa kumdanganya.

Nimefanya kosa dukani, na kesho Bruda atalijua.

Mwezi uliopita lilikuja sanduku la vitabu, na ndani yake vitano vya mambo ya uzazi: mama mjamzito ale nini, ajitunze vipi, aende hospitali lini. Bruda, msimamizi wa duka letu la misheni, alifungua kimoja penye picha ya tumbo, akakifunga upesi, masikio yamemwiva kwa haya. Akaniagiza niviweke stoo mpaka Padri aamue. Nikaitika. Lakini nilikisoma kimoja nimesimama humohumo stoo, mpaka miguu ikafa ganzi. Dada yangu Anastasia alifia Masagati na mtoto tumboni. Karibu kila alichokatazwa kula, kitabu kinasema ale.

Baada ya wiki mbili nikavitoa.

Ningeviweka juu, Bruda angeviona. Basi nikasogeza katekisimu pembeni, nikavipanga rafu ya chini kabisa, majalada yakitazama nje. Wanaume hawaangalii kule. Huingia wameinua uso, wakaonyesha kwa kidole wanachotaka. Bruda mwenyewe ni mrefu na goti lake bovu. Ila wanawake wakija kutuamkia hupiga magoti, na wakishapiga magoti macho yao hufika palepale. Nilijiona mjanja kweli. Viwili vimeshanunuliwa.

Leo saa nane akaingia mwanaume kutoka ng'ambo ya mto, amelowa chapachapa, mkononi kimoja kati ya hivyo viwili kimefungwa vizuri kwenye kanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Namtaka Bruda. Mke wangu kanunua hiki hapa."

Nikamjibu kuwa Bruda yuko Mahenge, anarudi kesho. Akaketi kwenye benchi la barazani angoje mvua ipungue. Mimi nikavikusanya vile vitatu vilivyobaki nikavificha nyuma ya masanduku ya chaki. Sina kazi nyingine, na Bruda hafukuzi nusunusu. Akikufukuza dukani, hata kwaya unaona aibu kuingia.

Saa kumi akaniita.

"Karani, wewe si unasoma? Mimi sijui, mke wangu ndiye anajua. Anasema kitabu kinataka mwenye mimba ale mayai, na mizigo ya kuni nibebe mimi. Naona kama ananichezea. Hebu nisomee."

Nikasoma. Mayai yapo. Kuni hazikutajwa, lakini imeandikwa asibebe mizigo mizito, nikamwambia ni yaleyale. Akacheka peke yake. Akaniambia mimba mbili zilishaharibika, na tangu mkewe aanze kula hayo mayai anaamka bila kizunguzungu.

Nilitaka kulia, na nilitaka aondoke.

"Basi kesho narudi na jogoo," akasema. "Lazima nimshukuru Bruda kwa kitabu hiki."

Ningeweza kumzuia. Maneno yalishafika mdomoni: usije, baba, kitabu hiki hakikutakiwa kutoka stoo. Lakini akisikia misheni imekikataza, hatakigusa tena, na mayai yatakoma leoleo. Yule mama nimemwona mara moja tu, amepiga magoti mbele ya kaunta, hata jina lake silijui.

Nikasema, "Karibu sana, baba. Asubuhi atakuwepo."

Ameshakwenda zake kivukoni, nami nimebaki na woga wangu. Nimewaza kumwahi Bruda nikiri mwenyewe. Nimewaza pia kujilaza niseme naumwa. Mimi si jasiri, na akinikazia macho yake yale naweza kukana kila kitu, hata jina langu.

Ndiyo maana kabla ya kufunga duka nilivitoa vile vitatu nyuma ya chaki, nikavipanga juu ya kaunta, mahali anapoweka kofia yake kila anapoingia. Nikafunga mlango, nikarudi kuufungua, nikavitazama. Nikafunga tena.