Modemu Iliyorudi Imepona

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya Lushoto tangu asubuhi, na mimi nimeshinda nikitazama kompyuta isiyopokea kitu.

Mume wangu alipofariki wakati wa masika, aliniachia duka la uchapaji na modemu yenye laini yake ya simu. Wakulima wa Shume wanaijua namba hiyo. Wanatuma neno kabichi au karoti, kompyuta inawajibu bei ya siku hiyo sokoni Dar es Salaam. Bei ananitumia wifi yangu, anayeuza nyanya huko. Siku hizi kila mwenye lori ni mnunuzi, na mkulima asiyejua bei hupokea anayotajiwa.

Wiki iliyopita shemeji yangu Elia, mdogo wake marehemu, alisema modemu imekufa. Akaipeleka kwa fundi Mombo. Jana akairudisha.

"Imepona, shemeji. Ila usiichokonoe, hivi vitu havitaki mikono mingi."

Nilicheka. Baadaye nikajiuliza kwa nini hataki niiguse.

Elia ana lori.

Leo haukuingia ujumbe hata mmoja. Mchana nikafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi la amri alilonifundisha marehemu, nikaandika AT. Alikuwa akisema hiyo ndiyo shikamoo ya modemu: huiulizi lolote kabla hujaiamkia, na kama ni hai itaitika OK. Aliniambia hivyo huku akimenya viazi, akanirudisha nyuma kila nilipokosea, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ikaitika OK. Nikaandika AT+CSQ, kuuliza nguvu ya mtandao. Mtandao mzuri. Basi kwa nini watu wamenyamaza?

Jambo lililofuata niliogopa kulifanya. Ukiandika ATD, ukaweka namba ya simu na nukta mkato, modemu inapiga. Niliweka namba yangu. Laini ya modemu nimeihifadhi kwenye simu yangu kwa jina la mume wangu, Baba Neema, na tangu tumzike sijaliona jina hilo likiita. Nikajikaza, nikabonyeza.

Simu ikaita. Namba ngeni, haina jina: laini iliyomo kwenye modemu imebadilishwa.

Niliitazama mpaka ikakata. Kisha nikampigia Baba Neema kwa mkono wangu mwenyewe.

Ikapokelewa. Kelele za injini.

"Haloo, mkulima! Kabichi zimeshuka vibaya. Wewe jaza magunia tu, lori liko njiani."

Asubuhi wifi alikuwa ameniandikia kwamba kabichi zimepanda.

"Elia, ni mimi. Mama Neema."

Injini ikazimwa. Halafu, "Aa, shemeji! Mbona unanishtua? Nilikuwa naijaribu laini, fundi alisema..."

"Fundi gani?"

"Si yule wa Mombo."

"Anaitwa nani?"

Akakata.

Nimejaribu kufikiri kwamba aliichukua laini kwa kumkumbuka kaka yake. Natamani iwe hivyo. Wazo lenyewe halikai.

Mama mkwe anaishi kwake, anakula kwake. Nikisema, nitaitwa mjane anayevuruga ukoo. Nikinyamaza, watu watauza kwa bei ya Elia wakidhani wanajibiwa na nyumba ya marehemu.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma.

Kesho nitakwenda kusali Shume. Ibada ikiisha hufanyika mnada wa sadaka za mazao nje ya kanisa, na Elia hakosi, ndiye mnunuzi mkubwa wa kabichi. Nitamwamkia mama mkwe kwanza. Kisha nitamwomba mzee wa kanisa nafasi kabla mnada haujaanza, nitaje bei ya Dar es Salaam, na niwaambie kwamba namba ya mume wangu haiko tena mikononi mwangu.

Sauti yangu ni ndogo. Wasiposikia, nitarudia.